Kapteni von Stephanitz: Mwasisi wa mbwa wa polisi aliyethamini utiifu kuliko urembo

MBWA mwenye mgongo mweusi, masikio yaliyosimama na mkia mzito ulioinama ni sura iliyozoeleka katika viwanja vya ndege, bandarini na kwenye gwaride za polisi katika nchi nyingi duniani, zikiwamo za Afrika Mashariki. Wengi humwita mbwa wa polisi, na baadhi ya wazee wangali wanamwita Alsatian, jina alilopewa na Waingereza.

Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba mbwa huyo hakutokea kwa bahati. Alipatikana kutokana na kazi ya makusudi iliyosimamiwa kwa miaka 36 na mtu mmoja, mwanajeshi aliyelazimika kuvua magwanda akiwa angali na nguvu zake, na ambaye aliishi muda wa kutosha kuona kazi ya mikono yake ikianza kuharibiwa na sifa zake yenyewe.

Mtu huyo si mwingine bali ni Max Emil Friedrich von Stephanitz, Mjerumani anayetambuliwa kuwa baba wa mbwa wa aina ya German Shepherd.

Von Stephanitz alizaliwa Desemba 30, 1864 katika mji wa Dresden, uliokuwa makao makuu ya Ufalme wa Saxony. Familia yake ilikuwa ya tabaka la juu, na kama ilivyokuwa desturi kwa vijana wa nyumba za aina hiyo, aliingia jeshini na kupangiwa kikosi cha wapanda farasi.

Jeshini alipata bahati ambayo maofisa wengi hawakuipata. Kwa muda fulani alitumikia katika Chuo cha Tiba ya Mifugo mjini Berlin, ambako alijifunza maumbile ya wanyama, jinsi mifupa na misuli inavyofanya kazi wakati mnyama anapotembea, na namna sifa za wazazi zinavyorithiwa na watoto. Maarifa hayo yalikusudiwa kumfaa katika kutunza farasi wa jeshi. Yeye aliyapeleka kwa mbwa.

Katika safari za mazoezi ya kijeshi vijijini, ofisa huyo alivutiwa na mbwa wa wachungaji wa kondoo. Mashamba mengi ya Ujerumani wakati huo hayakuwa na uzio. Kondoo walipopitishwa kando ya shamba la ngano au viazi, mbwa ndiye aliyekuwa uzio wenyewe. Alikimbia mchana kutwa juu ya mpaka wa shamba, huku na huko, akizuia kundi zima lisiingie kwenye mazao.

Kazi hiyo ilihitaji mnyama asiyechoka upesi, anayesikiliza sauti ya mchungaji kutoka mbali, na anayeweza kuamua mwenyewe pale mchungaji asipomwona. Mbwa aliyemuuma kondoo hadi kumjeruhi alimtia hasara bwana wake, na mbwa mwoga alidharauliwa na kondoo wenyewe. Kwa hiyo kila kizazi wachungaji waliwabakiza wale waliosikia amri na kuwaondoa waliobaki. Walifanya hivyo kwa karne nyingi bila kuandika chochote kwenye daftari.

Hapo ndipo von Stephanitz alipoona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mbwa hao walitofautiana kwa kila kitu cha nje. Wa Thuringia walikuwa wadogo, rangi ya kijivu na masikio yaliyosimama. Wa Württemberg walikuwa wakubwa zaidi, wenye mikia mizuri na mwendo mrefu. Kilichowaunganisha ni tabia, yaani utayari wa kufanya kazi chini ya amri ya mtu.

Hakuwa wa kwanza kuwashughulikia. Mwaka 1891 kiliundwa chama kilichoitwa Phylax kwa lengo la kuwaunganisha mbwa wa wachungaji wa Kijerumani katika aina moja. Chama hicho kilisambaratika mwaka 1894, baada ya wanachama wake kuvutana kuhusu iwapo mbwa azalishwe kwa ajili ya sura au kwa ajili ya kazi. Ugomvi huo ndio uliokuja kumwandama von Stephanitz maisha yake yote.

Apoteza jeshi, apata mbwa

Mwaka 1898 alipandishwa cheo kuwa kapteni wa wapanda farasi. Furaha hiyo haikudumu. Alimuoa mwigizaji wa jukwaani, jambo ambalo katika jeshi la Ujerumani ya wakati huo lilihesabiwa kuwa ni aibu kwa ofisa wa nasaba yake. Alitakiwa kuondoka jeshini.

Kapteni huyo alijikuta raia, akiwa na shamba lake huko Grafrath, karibu na mji wa Munich, na muda mwingi usio na kazi. Mtu mwingine angeweza kuuona mwisho wa maisha yake. Yeye aliutumia muda huo kwa mbwa.

Aprili 3, 1899, akiwa na rafiki yake Arthur Meyer, alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa katika mji wa Karlsruhe. Katikati ya umati alimwona mbwa dume aliyeitwa Hektor Linksrhein, aliyezaliwa Januari 1, 1895. Alikuwa na kimo cha takriban sentimita 61 begani, mwenye umbo kama la mbwamwitu, mifupa imara na macho yasiyotulia. Alimnunua siku hiyo hiyo na kumpa jina jipya, Horand von Grafrath.

Siku 19 baadaye, Aprili 22, 1899, chama cha mbwa wa wachungaji wa Kijerumani, kinachofahamika kwa kifupi cha SV, kilianzishwa. Von Stephanitz akawa rais wake na Meyer katibu. Miongoni mwa waasisi walikuwamo wafugaji wa kondoo, wenye viwanda, mhandisi wa majengo, meya, mwenye nyumba ya wageni na hakimu.

Horand aliandikwa katika daftari la nasaba kwa namba moja. Mwanawe, Hektor von Schwaben, aliyezaliwa na mbwa jike wa kazi wa uchungaji, alitwaa ubingwa wa chama mwaka 1900 na kurudia mwaka 1901. Kupitia kwa Hektor na watoto wake, damu ya Horand ilienea kiasi kwamba nasaba ya German Shepherd wa leo, ikifuatwa nyuma, hurudi kwake.

Aliiongoza SV kama kikosi. Aliwaandikia wanachama kuwaeleza dume gani apandishwe na jike gani, mbwa yupi asizae kabisa, na hata watoto wangapi wa uzao mmoja walelewe. Mwaka 1901 alitoa kitabu kikubwa kuhusu mbwa wa wachungaji wa Kijerumani, ambacho kiliendelea kuongezwa toleo hadi toleo na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1923.

Msimamo wake ulikuwa mmoja. Mbwa mzuri ni yule anayefanya kazi aliyoumbiwa, na uzuri wa umbo una maana pale tu unaposaidia kazi hiyo.

Kondoo wapungua, polisi waongezeka

Tatizo lilikuwa kwamba kazi yenyewe ilianza kutoweka. Ujerumani ilikuwa inageuka kuwa nchi ya viwanda, malisho yalipungua na reli ziliingia mashambani. Von Stephanitz alitambua kwamba mbwa asiye na kazi angegeuka pambo la sebuleni, na akili ile iliyojengwa na wachungaji kwa karne nyingi ingepotea ndani ya vizazi vichache.

Akaanza kubisha hodi kwenye ofisi za serikali. Inaelezwa kwamba jeshi na polisi hawakumchukulia kwa uzito mwanzoni. Hata hivyo, chama chake kilitayarisha majaribio maalumu ya kumpima mbwa katika kufuata harufu, kutii amri na kumlinda mwongozaji wake. Mbwa wachache waliotolewa kwa askari walithibitisha uwezo wao, na milango ikafunguka.

Haukuwa uwanja wa aina moja peke yake. Doberman, aliyetokana na mbwa wa mtoza ushuru Karl Friedrich Louis Dobermann wa mji wa Apolda, naye aliingia katika kazi hiyo, sambamba na Rottweiler na Airedale Terrier kutoka Uingereza. Ofisa wa polisi Konrad Most, aliyeanza kufunza mbwa mwaka 1906 mjini Saarbrücken, alichapisha mwaka 1910 mwongozo wa mafunzo uliotumika kwa miongo mingi.

Kutokana na uzoefu huo, tofauti za aina za mbwa zilianza kuonekana waziwazi. Mbwa wa kuwinda kwa macho, kama wale wa Afghanistan na Saluki wa Uarabuni, walizalishwa ili wamkimbize swala mbali na mwindaji, mahali ambapo amri haisikiki. Mbwa wa kufuata harufu, kama Beagle, alichaguliwa kwa sababu hainui pua ardhini kwa urahisi hata akiitwa. Mbwa wa uchungaji alichaguliwa kwa sababu ya kumtazama mtu na kungoja neno lake.

Kwa maana hiyo, mbwa anayeonekana mkaidi huwa anafanya kile ambacho babu zake walibakizwa kwa ajili yake.

Vita na vipofu

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipolipuka mwaka 1914, makumi ya maelfu ya mbwa walipelekwa mstari wa mbele upande wa Ujerumani. Walibeba ujumbe kati ya mahandaki, walilinda maghala na kuwatafuta majeruhi waliolala gizani kati ya maiti.

Vita hiyo iliacha pia maelfu ya askari waliopofushwa na gesi na vipande vya mabomu. Agosti 1916, daktari Gerhard Stalling alifungua katika mji wa Oldenburg shule ya kufunza mbwa wa kuwaongoza vipofu. Mwaka 1923, SV nayo ilifungua shule kama hiyo huko Potsdam.

Kumwongoza kipofu ni mtihani mgumu kuliko kukamata mwizi. Mbwa hutakiwa kutii kila amri isipokuwa ile itakayomuua bwana wake. Akiambiwa avuke barabara wakati gari linakuja, ni lazima agome. Mbwa mwepesi wa kutii tu hawezi kazi hiyo, na mbwa mwenye kichwa chake hawezi pia.

Mmarekani Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akizalisha German Shepherd wa kazi nchini Uswisi, alitembelea Potsdam na kuandika makala iliyochapishwa Marekani mwaka 1927. Makala hiyo ilimfikia kijana kipofu Morris Frank wa Nashville. Frank alikwenda Uswisi, akafunzwa pamoja na mbwa jike aliyeitwa Buddy, na Januari 1929 shule ya The Seeing Eye ikaanzishwa Marekani. Mbwa waongoza vipofu walianza kuenea nchini humo kutokea hapo.

Umaarufu waleta balaa

Wakati huohuo, German Shepherd alikuwa amegeuka kuwa bidhaa. Askari wa Kimarekani, Lee Duncan, alimwokota mtoto wa mbwa katika magofu ya vita nchini Ufaransa mwaka 1918, na mbwa huyo, Rin Tin Tin, akawa nyota wa filamu Hollywood. Kila mwenye fedha alitaka wa kwake.

Nchini Uingereza, ambako neno lolote la Kijerumani lilichukiwa baada ya vita, mbwa huyo alisajiliwa kwa jina la Alsatian, na jina la German Shepherd halikurejeshwa rasmi na chama cha mbwa cha nchi hiyo hadi mwaka 1977. Australia ilipiga marufuku kumwingiza nchini mwaka 1929, kwa hofu kwamba angechanganyika na mbwa mwitu wa huko na kuua kondoo, mnyama yuleyule ambaye alizaliwa kumlinda.

Soko lilipokua, wazalishaji waliacha kuuliza mbwa anaweza nini wakaanza kuuliza anapendezaje. Mbwa wakawa warefu, wazito na wenye umbo la mraba. Baya zaidi, wengi walikuwa waoga au wenye hasira zisizo na sababu. Mbwa mwoga mwenye meno makubwa ni hatari kwa mtoto wa nyumbani kabla hajawa hatari kwa mwizi.

Von Stephanitz hakunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alianzisha ukaguzi wa lazima ambao ulimchunguza kila mbwa kwa umbo na kwa moyo kabla ya kupendekezwa kuzaa. Mwaka 1925, akiwa mwamuzi wa mashindano makuu ya chama, aliwaacha wale warefu waliokuwa wakishangiliwa na kumpa ubingwa Klodo von Boxberg, mbwa mfupi zaidi, mwenye mgongo mrefu kiasi na mwendo wa chini chini. Wafugaji wengi walishtuka. Ujumbe wake ulifahamika, na sura ya aina hiyo ilibadilika kuanzia mwaka huo.

Doa na anguko

Wasifu wa kapteni huyo hauwezi kuandikwa bila kutaja doa lake. Katika kitabu chake alichanganya uzalishaji wa mbwa na fikra za ubaguzi kuhusu jamii za wanadamu, wakiwamo Wayahudi. Fikra hizo zilikuwa zimeenea katika Ulaya ya enzi zake, na sayansi imekwisha kuonyesha kwamba hazina msingi, lakini alizipa nafasi katika kitabu kilichosomwa na maelfu.

Kejeli ya historia ni kwamba waliozigeuza fikra za aina hiyo kuwa sera ya nchi ndio waliomnyang'anya kazi yake. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, vyama vyote vilitakiwa kuingia chini ya mkono wa serikali, vya mbwa vikiwamo. Wapo waliotaka mbwa wa kujionyesha na faida za haraka, na sasa walikuwa na nguvu ya dola nyuma yao. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alitishiwa kupelekwa kambini iwapo asingekubali kukaa kando.

Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 70, alijiuzulu urais wa chama alichokiasisi. Aprili 22, 1936 alifariki dunia mjini Dresden, siku ile ile ambayo SV ilikuwa inatimiza miaka 37.

Kifo kilimwepusha na mengi. Katika miaka iliyofuata, German Shepherd walisimama kando ya walinzi wa kambi za mateso za Wanazi, na manusura wengi waliendelea kuogopa mlio wa mbwa hadi mwisho wa maisha yao. Utiifu alioujenga ulimwongoza kipofu mjini Potsdam, na utiifu huohuo ulimfukuza mfungwa. Mbwa hakuwa na namna ya kutofautisha mabwana hao wawili.

Sayansi yasema nini

Swali ambalo von Stephanitz alilijibu kwa macho na uzoefu, yaani iwapo utiifu umo kwenye damu au kwenye mafunzo, limefanyiwa utafiti mwingi tangu afariki.

Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller walilea mbwa wa aina tano kwa mazingira yanayofanana katika kituo cha Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1965. Waligundua tofauti za wazi. Cocker Spaniel alitulia upesi alipotakiwa kutulia. Basenji, mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo ambaye jina lake lina undugu na neno shenzi la Kiswahili, alipigana na kamba alipofungwa shingoni. Basenji huwinda kwa uamuzi wake mwenyewe akiwa amevishwa kengele ya mti, hivyo hakuna aliyewahi kumhitaji akae mguuni kwa bwana wake.

Mwaka 1994, mwanasaikolojia Stanley Coren wa Canada alitoa orodha iliyotokana na maoni ya waamuzi wapatao 200 wa mashindano ya utiifu. Border Collie aliongoza, Poodle akafuata, na German Shepherd akashika nafasi ya tatu. Afghan Hound alikuwa wa mwisho. Mbwa wa kundi la juu walielewa amri mpya chini ya marudio matano, wakati wa mwisho walihitaji marudio 80 au zaidi. Ikumbukwe kwamba orodha hiyo inapima wepesi wa kufuata amri za mtu, ambao ni sehemu tu ya akili ya mnyama.

Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani, ulipunguza makali ya imani hiyo. Ulionyesha kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia tisa tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Hata hivyo, kati ya tabia zote zilizopimwa, wepesi wa kuitikia maelekezo ya mtu ndio ulioonekana kufungamana zaidi na aina. Kapteni alikuwa sahihi kwa jambo hilo moja, na huenda alizidisha kwa mengine.

Kwa wakazi wa mijini wanaonunua watoto wa mbwa kwa bei kubwa kwa ajili ya ulinzi, maisha ya von Stephanitz yana funzo la moja kwa moja. German Shepherd aliyefungwa kwenye banda dogo tangu asubuhi hadi usiku, bila mafunzo wala kazi, ni yule yule ambaye mwasisi wake alipigana asizaliwe. Mbwa koko aliyelelewa kwa subira na kuzoeshwa amri mapema anaweza kumzidi kwa utulivu na kwa manufaa.

Chama alichokianzisha bado kipo, makao yake makuu yakiwa Augsburg, na mabishano kati ya wapenda sura na wapenda kazi hayajaisha. Siku hizi German Shepherd wa maonyesho, mwenye mgongo unaoteremka, na yule wa kazi, mwenye mgongo ulionyooka, huonekana kama aina mbili tofauti. Vikosi vingi vya usalama vimeanza kumchukua binamu yake kutoka Ubelgiji, Malinois, kwa sababu wazalishaji wake waliendelea kumpima kwa kazi.